Wahubiri wa jela waliong'oa dini ya serikali Virginia

MNAMO Januari 4, 2007, Keith Ellison wa jimbo la Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alishiriki hafla ya kiapo jijini Washington huku mkono wake ukiwa juu ya Kurani. Kitabu hicho hakikuwa chake. Kilikuwa kimeazimwa kutoka Maktaba ya Bunge, na mwenyewe wa zamani alikuwa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776 na rais wa tatu wa taifa hilo. Jefferson alikinunua mjini Williamsburg mwaka 1765 akiwa kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisomea sheria.

Wiki chache kabla ya hafla hiyo, mbunge mmoja kutoka Virginia, jimbo alikozaliwa Jefferson, alikuwa amekilalamikia kiapo hicho katika barua kwa wapigakura wake, akionya kuwa Waislamu wengi zaidi wangechaguliwa endapo sheria za uhamiaji hazingebadilishwa. Ellison ni mzaliwa wa Detroit. Hakuhitaji kusema mengi. Kitabu chenyewe kilikuwa jibu tosha.

Kila suala la aina hii linapozuka, Wamarekani hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoshikilia kuwa taifa lao liliasisiwa na Wakristo kwa ajili ya Wakristo. Wapo pia wanaodai kuwa waasisi walikuwa wanafalsafa walioyapa makanisa kisogo, na kwamba ni wao peke yao waliotenganisha dini na dola. Kumbukumbu za Virginia haziridhishi upande wowote. Sheria ya uhuru wa dini iliyopitishwa huko mwaka 1786 iliandikwa na mwanafalsafa, lakini nguvu zilizoisukuma bungeni zilitoka kwa wahubiri wa injili, baadhi yao wakiwa wamelala jela kwa kosa la kuhubiri.

Waliokimbia mateso wakatesa

Makoloni 13 ya Uingereza katika pwani ya mashariki ya Amerika hayakuwa na msimamo mmoja kuhusu dini. Massachusetts ilianzishwa mwaka 1630 na Wapuritani wakiongozwa na John Winthrop, watu waliolihama taifa lao kwa kuona kuwa Kanisa la Uingereza halijatakaswa vya kutosha. Walitafuta uhuru wa kumwabudu Mungu kwa njia yao. Hawakukusudia kumpa mtu mwingine uhuru wa kumwabudu kwa njia yake.

Roger Williams, kasisi aliyefundisha kuwa hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, aliamriwa kuondoka mwaka 1635, akaanzisha makazi ya Providence mwaka uliofuata. Anne Hutchinson, mama aliyekuwa akifafanua mahubiri nyumbani kwake na kuwakosoa makasisi, alishtakiwa mwaka 1637 naye pia akafukuzwa. Kati ya 1659 na 1661, Wakweka wanne walinyongwa mjini Boston, akiwemo Mary Dyer, kwa kurudi katika koloni baada ya kupigwa marufuku. Hawa ndio waumini wanaofahamika kama Friends magharibi mwa Kenya, ambako wenzao kutoka Marekani walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902.

Rhode Island ya Williams na Pennsylvania, ambayo William Penn, Mkweka, alikabidhiwa na mfalme mwaka 1681, zilikuwa na milango mipana zaidi. Lakini hizo zilikuwa kando ya mkondo mkuu. Katika makoloni mengi, serikali na kanisa moja lililoteuliwa vilikuwa mtu na nduguye.

Tumbaku ya kasisi

Virginia ilikuwa kongwe kuliko zote, kwani Waingereza walifika Jamestown mwaka 1607, na humo Kanisa la Uingereza ndilo lililokuwa kanisa rasmi. Kila mlipa kodi, awe muumini wake au la, alichangia mshahara wa kasisi wa parishi. Mshahara huo haukulipwa kwa fedha. Ulilipwa kwa zao lililokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa koloni: ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Baraza la parishi, ambalo wajumbe wake walikuwa wenye mashamba makubwa, liliajiri kasisi, likatoza kodi, na hata kusimamia matunzo ya maskini na mayatima. Kwa hiyo aliyelipinga kanisa hakuwa akibishana na askofu wa mbali. Alikuwa akibishana na jirani yake tajiri, ambaye pengine ndiye aliyekuwa pia hakimu wa kaunti.

Mwaka 1758, mavuno yalipokuwa haba na bei ya tumbaku ikapaa, Bunge la koloni liliruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha, kwa kiwango cha peni mbili kwa kila ratili. Bei ya sokoni ilikuwa karibu mara tatu ya kiwango hicho. Makasisi walilia hadi London, na mwaka 1759 serikali ya mfalme ikaifuta sheria hiyo.

Kasisi James Maury alikwenda kortini katika Kaunti ya Hanover kudai fedha alizopunjwa. Mahakama ilikubali kuwa anadai haki. Kilichobaki mwaka 1763 kilikuwa jopo la raia kuamua alipwe kiasi gani. Wakili wa upande wa pili alikuwa Patrick Henry, kijana wa miaka 27 ambaye hakuwa na jina kubwa bado. Alisimama akadai kuwa mfalme anayefuta sheria yenye manufaa kwa watu wake anageuka dhalimu, kisha akawageukia makasisi na kuwaeleza kama walafi wasiojali njaa ya wajane. Jopo lilikwenda faraghani na kurejea upesi na uamuzi wake. Kasisi alipewa peni moja.

Kesi hiyo hutajwa sana kama cheche mojawapo ya mapinduzi dhidi ya Uingereza. Inafaa itajwe vilevile kama ishara kuwa hata waumini wa kanisa rasmi walikuwa wameanza kuchoka kuwabeba makasisi wao.

Sauti ya uwanjani

Wakati huo huo, moto wa aina nyingine ulikuwa umeshawaka. Kuanzia miaka ya 1730, wimbi la mahubiri ambalo wanahistoria huliita Uamsho Mkuu lilipita katika makoloni. Jonathan Edwards alilianzisha Northampton, Massachusetts, na George Whitefield, kasisi Mwingereza aliyewasili kwa ziara kubwa mwaka 1739, akalisambaza kutoka mji hadi mji.

Benjamin Franklin, mchapishaji wa magazeti asiyekuwa mtu wa kanisani sana, alimsikiliza Philadelphia. Mtu wa vipimo huyo aliondoka karibu na mhubiri na kurudi nyuma kwa miguu hadi sauti ilipofifia, akapiga hesabu ya eneo lote na kukadiria kuwa watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia Whitefield kwa wakati mmoja. Siku nyingine alikwenda akiwa ameapa kutotoa hata ndururu kwenye sadaka, akaishia kumwaga kila kitu alichokuwa nacho mfukoni, dhahabu ikiwemo. Wawili hao wakawa marafiki, na Franklin akachapisha mahubiri ya Whitefield. Biashara ilikuwa nzuri.

Kilichobadilika hakikuwa mafundisho tu. Mtu aliyezoea kuwa parishi yake, kasisi wake na mahali pake pa kuketi ibadani vimepangwa na wengine, sasa alisimama uwanjani, akamsikiliza mgeni, na kuamua mwenyewe iwapo ameokoka. Aliyezoea kuamua jambo kubwa kama hilo haikuwa rahisi kumwambia kuwa hana uwezo wa kuamua jambo dogo.

Mwaka 1755, Shubal Stearns, mhubiri kutoka Connecticut, alipiga kambi Sandy Creek, North Carolina, pamoja na kikundi kidogo cha Wabaptisti Waliojitenga. Kutoka hapo wafuasi wao walipenya Virginia. Walibatiza watu wazima mtoni. Wengi wa wahubiri wao hawakuwa wamesoma chuo chochote. Walikataa dansi, kamari, mbio za farasi na vita vya majogoo, yaani mambo yote ambayo mabwana wa Virginia waliyatumia kuonyeshana ubwana. Waliitana ndugu na dada, na jina hilo liliwafikia hata watumwa waliobatizwa pamoja nao.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1689 iliwaruhusu Waprotestanti wasio wa kanisa rasmi kuabudu, mradi mhubiri ajiandikishe na apewe leseni ya mahali maalumu. Wapresbiteri wa Virginia, wakiongozwa na Samuel Davies, walitumia mlango huo. Wengi wa Wabaptisti Waliojitenga waliukataa. Walisema mwito wao umetoka kwa Mungu, na wala haikuwapasa kuomba kibali cha hakimu ili wautii.

Jack Mtukanaji

Miongoni mwa watu wa Kaunti ya Spotsylvania alikuwepo John Waller, kijana wa ukoo wenye jina, mcheza kamari, na mwenye ulimi mchafu kiasi cha kubandikwa lakabu ya Jack Mtukanaji. Waller alikuwa katika jopo lililomfungulia mhubiri Lewis Craig mashtaka. Baada ya shughuli, Craig aliwafuata wajumbe wa jopo na kuwashukuru kwa heshima waliyompa. Akawakumbusha kuwa alipokuwa mwovu hakuna aliyemjali, lakini tangu aache uovu wanamwandama. Maneno hayo yalimchoma Waller. Akaokoka, naye akawa mhubiri.

Juni 4, 1768, Waller, Craig na James Childs walikamatwa kwa kuvuruga amani. Mwendesha mashtaka alilalamika kuwa hawawezi kukutana na mtu njiani bila kumlisha aya ya Biblia kwa nguvu. Waliahidiwa kuachiliwa iwapo wangekubali kutohubiri katika kaunti hiyo kwa mwaka mmoja na siku moja. Walikataa, wakapelekwa jela ya Fredericksburg wakiimba barabarani. Ndani ya jela walihubiri kupitia nondo za dirisha, na watu wakajaa nje kusikiliza. Craig alipoachiliwa kwanza, alikwenda Williamsburg kumsihi kaimu gavana, John Blair, ambaye aliandika barua akishauri waachwe. Waller alikaa ndani siku 43.

Miaka mitatu baadaye, katika Kaunti ya Caroline, kasisi wa parishi alifika juu ya farasi mahali Waller alipokuwa akiongoza ibada, akamchomekea ncha ya mjeledi katika kitabu na kisha mdomoni. Waller aliburutwa akiwa katikati ya sala, kichwa chake kikagongwa ardhini, na mkuu wa usalama wa kaunti akamcharaza mijeledi ipatayo 20. Alirudi akivuja damu na kuendelea kuhubiri.

Yaliyompata James Ireland katika jela ya Culpeper mwaka 1769 na 1770 yalikuwa mabaya zaidi. Maadui zake walichoma salfa na pilipili mlangoni ili moshi umkose pumzi, na wakajaribu kumlipua kwa baruti. Waliwaingizia farasi wasikilizaji waliokusanyika dirishani. Watumwa waliokuja kumsikia walivuliwa nguo na kuchapwa. Ireland, kwa kebehi ya mtu asiyekubali kushindwa, aliandika barua zake akiiita jela hiyo kasri lake.

Kwa jumla, wahubiri zaidi ya 30 wa Kibaptisti walifungwa Virginia kabla ya vita vya uhuru. Walengwa wa mateso hayo hawakuwa makafiri wala wageni. Walikuwa Wakristo Waprotestanti, waliotiwa ndani na Wakristo Waprotestanti wenzao.

Kuvumiliwa si haki

Habari hizo zilimfikia James Madison, kijana wa Kaunti ya Orange, jirani na Culpeper. Madison alikuwa amehitimu mwaka 1771 katika chuo cha Princeton chini ya John Witherspoon, kasisi wa Kipresbiteri ambaye baadaye angetia saini Azimio la Uhuru. Humo alikuwa amesoma falsafa ya enzi hiyo, John Locke akiwemo. Januari 1774, akiwa na umri wa miaka 22, alimwandikia rafiki yake wa chuoni, William Bradford, kwamba watu wema watano au sita wamo jela katika kaunti ya jirani kwa ajili ya kutangaza imani yao, na kwamba amegombana na watu juu ya jambo hilo hadi amechoka. Falsafa alikuwa ameipata vitabuni. Hasira aliipata nyumbani.

Miaka miwili baadaye alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga Tangazo la Haki la Virginia. George Mason, mwandishi wa rasimu, alikuwa ameandika kuwa watu wote wapewe uvumilivu kamili katika mambo ya dini. Kwa kipimo cha Ulaya ya wakati huo, hayo yalikuwa maneno ya kusifika. Madison hakuridhika. Anayevumiliwa yupo kwa hisani ya anayemvumilia, na hisani yaweza kuondolewa kesho. Kwa shinikizo lake, tangazo lililopitishwa Juni 12, 1776, likatamka kuwa watu wote wana haki sawa ya kufuata dini kwa uhuru kulingana na dhamiri zao. Ni badiliko la maneno machache, na huenda ndilo badiliko lenye uzito kuliko yote aliyowahi kulifanyia andiko lolote.

Jefferson alikuwa akiwaza kwa mkondo huo huo. Locke, ambaye wote wawili walimheshimu, alikuwa amewanyima uvumilivu wasioamini Mungu na wale aliowaona kuwa watiifu kwa mtawala wa nje, akiwalenga Wakatoliki. Katika maandishi yake ya mwaka 1776, Jefferson alisema kwamba pale Locke alipokomea, wao waliweza kusonga mbele.

Hata hivyo, mawazo matupu hayapitishi sheria. Virginia ilikuwa imeingia vitani dhidi ya dola kubwa na ilihitaji askari. Wabaptisti walilifahamu hilo barabara. Mwaka 1775 walitangaza kuunga mkono vita, wakaomba wahubiri wao waruhusiwe kuwahudumia wanajeshi, na ombi likakubaliwa. Oktoba 1776, hati ya maombi yenye majina yapatayo 10,000 ilifikishwa bungeni ikitaka kanisa rasmi liondolewe. Kabla ya mwaka kwisha, wasiokuwa wa kanisa hilo walikuwa wameondolewa kodi yake. Kanisa la Uingereza lilikuwa na tatizo la ziada: makasisi wake walikuwa wamekula kiapo cha utii kwa mfalme yule yule aliyekuwa akipigwa vita.

Peni tatu

Jefferson aliandika mswada wa uhuru wa dini mwaka 1777. Uliwasilishwa mwaka 1779 ukakwama. Vita vilipokwisha, upepo ulikuwa umegeuka. Makanisa mengi yalikuwa magofu, na viongozi wengi waliona kuwa maadili yameporomoka. Mwaka 1784 Patrick Henry, yule wakili wa kesi ya tumbaku, alikuja na pendekezo lililosikika kuwa la haki: kila mtu atozwe kodi kwa ajili ya walimu wa dini ya Kikristo, lakini achague mwenyewe dhehebu litakalopokea fedha zake, asiyechagua, zake ziende kwenye elimu.

Wenye majina makubwa waliliafiki. George Washington hakuona ubaya wa watu kulipia dini wanayoikiri, ingawa alitamani mjadala wenyewe usingezuka. Hata makasisi wa Kipresbiteri waliyumba, jambo lililomkera sana Madison. Waliokuwa wakipinga kodi ilipokwenda kwa wengine walianza kuipenda walipoona kwamba na wao watapata mgao. Baadaye waumini wao waliwarudisha kwenye msimamo wa zamani.

Madison alifanya mambo mawili. Alifurahia kuona Henry, msemaji asiye na mfano, akichaguliwa kuwa gavana Novemba 1784 na hivyo kuondoka bungeni. Kisha, kura ilipoahirishwa, mwaka 1785 akaandika waraka wa hoja 15 ambao ulisambazwa bila jina lake. Hoja iliyopenya zaidi ilihusu kiasi kidogo kabisa cha pesa. Mamlaka inayoweza kumlazimisha raia atoe peni tatu tu kwa ajili ya dini moja, alisema, inaweza pia kumlazimisha afuate dini nyingine yoyote. Aliongeza kuwa karne 15 za Ukristo wa kulindwa na dola zilizaa kiburi na uvivu kwa makasisi, ujinga na unyenyekevu wa kitumwa kwa waumini, na ubaguzi kwa wote wawili.

Waraka wa Madison ndio husomwa vyuoni hadi leo. Lakini wakati huo ulipata saini zipatazo 1,500. Waraka mwingine, ulioandikwa kwa lugha ya wainjilisti na kusema kuwa kodi hiyo inapingana na roho ya injili yenyewe, ulipata karibu 5,000. Watu hao hawakuogopa kuwa dini ingeiharibu serikali. Waliogopa kuwa serikali ingeiharibu dini.

Mswada wa Henry ulizikwa bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Madison akaufufua ule wa Jefferson, nao ukawa sheria mnamo Januari 16, 1786, Jefferson akiwa balozi Paris. Katika mjadala, baadhi ya wabunge walitaka jina la Yesu Kristo liingizwe kwenye utangulizi. Wengi walikataa. Jefferson aliandika miaka mingi baadaye kuwa kukataliwa kwa pendekezo hilo kulithibitisha kusudio la sheria: kumlinda Myahudi na asiye Myahudi, Mkristo na Mwislamu, Mhindu na asiyeamini.

Madison aliipeleka kanuni hiyo katika ngazi ya taifa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa Desemba 15, 1791, yalilizuia Bunge la taifa kuweka dini rasmi. Hayakuyabana majimbo, Connecticut iliendelea na kanisa lake hadi 1818 na Massachusetts hadi 1833. Kanuni ya aina hiyo imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 8, ambacho ni miongoni mwa vifungu vifupi kabisa vya katiba hiyo.

Jibini la uhuru

John Leland, mhubiri wa Kibaptisti aliyefanya kazi Virginia kwa miaka kama 15 na kuwa mshirika wa Madison, alikuwa amerejea kwao Massachusetts. Mnamo Januari 1, 1802, aliwasili ikulu na zawadi ya wakulima wa kijiji cha Cheshire kwa Rais Jefferson: jibini moja la mviringo lenye uzani wa ratili 1,235, yaani karibu kilo 560. Siku hiyo hiyo Jefferson aliwajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, kwa barua iliyotaja ukuta wa kutenganisha kanisa na dola. Siku mbili baadaye, Jumapili, Leland alihubiri katika ukumbi wa Bunge na Jefferson akawa miongoni mwa wasikilizaji. Wanaoutaja ukuta huo leo kwa kuusifu au kuulaani mara nyingi huisahau Jumapili hiyo.

Risala iliyoambatana na jibini ilisisitiza kuwa lilitengenezwa kwa mikono ya watu huru, bila mtumwa hata mmoja kusaidia. Aliyekuwa akipokea zawadi alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake yote. Madison naye alikuwa mwenye watumwa.

Walioachwa nje ya mlango

Dini na utumwa zilikuwa zimefungwa fundo la kisheria mapema. Mwaka 1667 Bunge la Virginia lilitamka kuwa ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa, ili mabwana wasiogope kuwa injili ingewapokonya mali yao. Aidha, Waislamu ambao Jefferson aliwataja katika kuielezea sheria yake hawakuwa watu wa kufikirika tu. Walikuwepo mashambani. Ayuba Suleiman Diallo, msomi kutoka Bundu katika Afrika Magharibi, aliuzwa Maryland mnamo miaka ya 1730 hivi, ambako mvulana mmoja alimchezea na kumrushia uchafu alipokuwa akiswali. Barua aliyoandika kwa Kiarabu ndiyo iliyomkomboa, na alipofika London mwaka 1733 aliandika nakala za Kurani kwa kuikumbuka moyoni. Katika orodha ya Washington ya mwaka 1774 ya watu waliolipiwa kodi shambani mwake Mount Vernon yamo majina Fatimer na Little Fatimer. Hakuna anayeonekana kuwauliza wanawake hao wanaabudu nini.

Wabaptisti walikaribia kulishika jambo hilo kuliko wengi. Mnamo 1790 kamati yao kuu ya Virginia ilikubali azimio la Leland lililoulaani utumwa kama unyang'anyi wa haki za maumbile. Makanisa ya mashinani, ambayo sasa yalikuwa na waumini wenye mashamba na watumwa, yalinung'unika. Mwaka 1793 kamati iliamua kuachana na mjadala, ikisema suala la utumwa ni la Bunge. Watu waliofungwa kwa kukataa Bunge lisiamue mambo ya dhamiri sasa walijificha nyuma ya Bunge hilo hilo.

Mwaka huo huo wa 1793, chama cha makanisa cha Dover kilipokea rasmi kusanyiko la weusi wa Williamsburg lililoongozwa na Gowan Pamphlet, mtumwa wa mwenye tavani. Pamphlet alikuwa amehubiri kwa miaka mingi, mara nyingine porini, bila leseni wala ulinzi wa sheria yoyote, na ni mwaka huo alipopata uhuru wake.

Mlango huo haukubaki wazi. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner, mhubiri, katika Kaunti ya Southampton mnamo Agosti 1831, Bunge la Virginia lilipitisha sheria mnamo Machi 1832 iliyopiga marufuku mtu yeyote mweusi, mtumwa au huru, kuhubiri au kuongoza mkutano wa dini. Adhabu ilikuwa mijeledi isiyozidi 39, kwa amri ya hakimu yeyote. Sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1786 haikuwa imefutwa.